“Kin” kwa Kiswahili: ndugu, jamaa, ukoo au nasaba?

Mfasiri yeyote aliyewahi kukabidhiwa fomu ya hospitali, ya bima au ya ajira ili aiweke katika Kiswahili anaufahamu ule mstari wa chini ambapo mtu huombwa aandike jina na namba ya simu ya “next of kin” wake. Maneno ni matatu na mafupi, lakini humkalisha mtu kitako. Mara ya kwanza nilipokutana nayo kazini niliandika “jamaa wa karibu”, nikaendelea na mstari uliofuata. Miezi michache baadaye nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mapokezi, mbele ya dirisha ambako fomu ile ile ilikuwa ikijazwa. Kijana mmoja aliyefungwa mkono kwa kipande cha kanga aliandika, kwa mkono wa pili, jina la mwenzake aliyepanga naye chumba. Karani akamwuliza, “Huyu ni kaka yako?” Akajibu, “Hapana, ni jamaa yangu tu, ila ndiye wa karibu.” Kijana hakukosea hata kidogo. Aliulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili chake cha kila siku. Aliyekosea ni mimi niliyechagua neno.

Makala haya ni kwa ajili ya wanaokwama pale pale: wafasiri, waandishi wa fomu, walimu, wanafunzi wa sosholojia na anthropolojia wanaoandika kwa Kiswahili, na mtu yeyote anayewasaidia wazazi wake kuelewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Yanaweka bega kwa bega maneno manne ambayo kila moja hutumika kuchukua nafasi ya “kin”: ndugu, jamaa, ukoo na nasaba.

Neno lenyewe na lilikotoka

Haifai kuchagua tafsiri kabla ya kujua kinachotafsiriwa. “Kin” ni miongoni mwa maneno ya kale ya Kiingereza. Katika Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, liliandikwa cynn, na lilibeba maana ya watu wa uzao mmoja, taifa, na hata aina ya kitu chochote. Wataalamu wa historia ya lugha hulifuatilia nyuma zaidi hadi kwenye mzizi wenye maana ya kuzaa, ambao ndio pia chimbuko la genus na gens za Kilatini, genos ya Kigiriki, na Kind ya Kijerumani, ambayo ni mtoto. Kutoka kwenye genos, mtaalamu wa mimea wa Denmark, Wilhelm Johannsen, aliunda mwaka 1909 neno ambalo Waingereza huliita gene, yaani chembe inayorithisha sifa, kwa hiyo neno la kijijini la jamaa wa damu na neno la maabara ni watoto wa mama mmoja.

Mzizi huo uliendelea kuzaa ndani ya Kiingereza chenyewe. Kind yenye maana ya aina na kind yenye maana ya mpole zote ni za uzao huu, kwa kuwa upole ulihesabiwa kuwa tabia inayompasa mtu aliyezaliwa vizuri. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, maana kwetu pia muungwana alianza kuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa, kabla ya neno kuhamia kwenye adabu. Na ukitafuta wazo la “kin” katika hazina yetu bila kugusa kamusi, utalipata limesimama wima ndani ya methali: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Huyo “mzaliwa nawe” ndiye “kin” hasa.

Nomino yake dhahania, “kinship”, ni changa. Ilienea katika karne ya 19. Kabla yake Waingereza walitumia zaidi “kindred”, ambayo ilikuwa ikimaanisha hali ya kuwa wa uzao mmoja na vilevile watu wenyewe wa uzao huo. Uwanja wa kitaaluma ulijengwa katika karne hiyo hiyo. Mwaka 1871 Lewis Henry Morgan, mwanasheria wa New York, alichapisha utafiti mkubwa uliotofautisha uhusiano wa damu na uhusiano wa ndoa, na kutofautisha pia jamii zinazomwita ndugu wa baba kwa jina la baba na zile zinazompa jina lake peke yake. Sisi wenye baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo tuko katika kundi la kwanza, na jambo hilo litaamua mengi huko mbele.

Neno “next” katika fomu ile halina maana ya “anayefuata”. Hapo awali lilimaanisha “aliye karibu kuliko wote”. Ifahamike pia kwamba Uingereza kwenyewe, kuandikwa katika fomu ya hospitali kuwa “next of kin” hakumpi mtu mamlaka ya kisheria ya kuamua matibabu ya mgonjwa. Neno linasikika zito kuliko nguvu yake, na mfasiri asiliongezee uzito.

Vigezo vinne

Nimeyapima maneno yote manne kwa maswali yale yale. La kwanza ni asili: neno linauanzia wapi uhusiano, tumboni, barazani au kwenye orodha ya mababu? La pili ni upana: nani yumo na nani hayumo, hasa mkwe, mtoto wa kulea, upande wa mama na upande wa baba, kwa kuwa “kin” ya Kiingereza huhesabu pande zote mbili za wazazi. La tatu ni sarufi: je, neno linamtaja mtu mmoja au kundi, na linatoa nomino dhahania inayoweza kubeba “kinship”? La nne ni sikio: msomaji wa leo anasikia nini kingine neno linapotamkwa? Kigezo hiki cha mwisho ndicho kilichoniangusha mimi pale dirishani.

Ndugu

Kwa asili ni neno la Kibantu, na linauanzia uhusiano pale pale “kin” inapouanzia, kwenye kuzaliwa. Lina upana wa namna mbili kwa pamoja: ni mtu mliyezaliwa naye tumbo moja, na ni mtu yeyote wa damu yako. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu bila maelezo ya ziada, ilhali Mwingereza angemtafutia jina jingine.

Hapa historia ya Kiingereza inatufunza jambo. Neno “sibling”, ambalo leo ni kaka au dada, katika Kiingereza cha Kale lilimaanisha jamaa yeyote wa damu, kutokana na sibb, yaani uhusiano wa damu, na pia amani na mapenzi. Lilipotea kwa karne nyingi. Wanasayansi walipolifufua mwaka 1903, walilifufua likiwa jembamba, kwa sababu walihitaji neno moja la kaka au dada lisilotaja jinsia. Kiswahili hakikuhitaji ufufuo huo; ndugu halijawahi kutaja jinsia, na halijawahi kuacha upana wake. Lakini raha hiyo ina gharama, kwa sababu fomu inayouliza “Una ndugu wangapi?” itajibiwa na mmoja kuwa wanne na mwenzake kuwa arobaini, na wote watakuwa wakweli.

Zaidi ya damu, neno linapokea wengi. Yupo ndugu wa kunyonya, ambaye katika sheria ya Kiislamu hamwoani wala hamrithiani. Yupo ndugu wa kuchanjiana, aliyefanywa ndugu kwa chale na damu. Yupo ndugu katika imani. Mkwe na shemeji wana majina yao wenyewe, na kwa kawaida hawamo, ingawa “ndugu wa mume” husema wazi ni upande upi unaotajwa.

Kisarufi ni neno jepesi. Umbo halibadiliki katika umoja na wingi, na tofauti huonekana kwenye vimilikishi: ndugu yangu amefika, ndugu zangu wamefika. Linatoa undugu, ambao wengine huuandika udugu, na linatoa kindugu.

Kwa upande wa sikio, neno limetanda mbali kuliko nyumba. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu zake na Afrika ni moja, na hadi leo barua nyingi za Tanzania huanza kwa “Ndugu” mbele ya jina au cheo. Kifungu cha kwanza cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika Kiswahili chake, kinawataka watu watendeane kindugu. Huo ni utajiri, lakini ni utajiri wa udugu wa binadamu wote, jambo ambalo “kin” haidai. Na katika mazungumzo ya ofisini, “undugu” husikika pia kama upendeleo wa kazi.

Linamfaa mwandishi anayezungumza na watu wa kawaida na anayetaka neno lenye joto. Halimfai anayetaka mpaka, isipokuwa akiliongezea maelezo: ndugu wa damu, ndugu wa tumbo moja, ndugu wa upande wa mama.

Jamaa

Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni wa kukusanya. Ndio uliotupa jamii, jumuiya na Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa sala. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu “kin” inauanzia uhusiano tumboni, na jamaa inauanzia barazani, pale watu wanapokaa pamoja. Ndiyo maana kijana yule alimwandika mwenzake wa chumbani. Neno lilimruhusu.

Upana wake ni wa watu wa nyumba na ukaribu wao, damu na ndoa kwa pamoja, na hiyo ni faida pale ambapo ndugu lingewaacha wakwe nje. Katika Mwanzo 12:1, ambako Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina “kindred”, Biblia ya Kiswahili ya Union Version inamwambia Abramu atoke katika nchi yake na jamaa zake. Ni chaguo zuri, maana Abramu hakuambiwa aache waliozaliwa naye tumbo moja peke yao, bali mkusanyiko wote uliomzunguka.

Kisarufi linafuata nyayo za ndugu: jamaa yangu, jamaa zangu, jamaa huyu, jamaa hawa. Tatizo liko kwenye nomino dhahania. Ujamaa ndilo lingekuwa neno la moja kwa moja la “kinship”, na Mwalimu Nyerere alipolichagua mwaka 1962 kuwa msingi wa siasa yake alilichagua kwa maana hiyo hasa, ya watu kuishi kama wa nyumba moja. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno lilihama. Leo ukiandika “mfumo wa ujamaa wa Wachaga”, msomaji wa Tanzania atatafuta vijiji na ushirika kabla ya kuwafikiria mashangazi na wajomba. Hata ng’ambo limekwenda likiwa na maana isiyo ya jamaa wa damu, kwa kuwa Wamarekani Weusi wanaoadhimisha Kwanzaa, iliyoanza mwaka 1966, hulijua kama kanuni ya ushirika wa kiuchumi.

Kisha kuna “yule jamaa”, yaani mtu fulani ambaye sitaki au siwezi kumtaja jina. Maana hiyo imekuwa ya kawaida kiasi kwamba jamaa likisimama peke yake kwenye karatasi rasmi haliwezi kuaminiwa. Linawafaa watafsiri wa masimulizi, wa maandiko ya dini na wa barua za kifamilia, ambako sentensi nzima hulishika mkono. Haliwafai waandishi wa fomu wala wa tasnifu.

Ukoo

Kwa asili ya wazo, ukoo unaanza kwa babu au bibi mmoja wa zamani na kushuka hadi kwa waliopo leo. Katika Kiingereza mwenzake wa karibu si “kin” bali “clan”, neno lililotoka kwa Wagaeli wa Uskoti na ambalo kwao lilimaanisha watoto, wazao. Hili lafaa kukumbukwa na kila anayevutiwa na ukoo kwa sababu ya heshima yake.

Upana wake ni mkubwa kwa idadi na mwembamba kwa mwelekeo. Unaweza kuwa na mamia ya watu usiowahi kuwaona, lakini huchagua upande. Kwa jamii zinazofuata baba, watu wa mama yako ni wa ukoo mwingine. Kwa Waluguru wa Morogoro, wanaofuata upande wa mama, mambo ni kinyume, na baba yako mzazi ni mtu wa ukoo mwingine. Mke aliyeolewa ana ukoo wake alikozaliwa. Kwa hiyo mfasiri anayeandika ukoo palipo na “kin” anaweza kumwondoa mama, baba au mke wa mtu bila kukusudia.

Kisarufi linataja kundi wala halimtaji mtu. Ukoo wangu, koo zetu. Akitakiwa mtu mmoja ni mwanaukoo. Hata hivyo sikio lake ni safi kuliko yote manne, kwa kuwa halina siasa wala maana ya mtaani, na ofisi zimelizoea: jina la ukoo kwenye fomu, na muhtasari wa kikao cha ukoo ambao wafiwa wa Tanzania hupeleka Mahakama ya Mwanzo wanapoomba msimamizi wa mirathi. Nimeishika mihtasari hiyo mikononi, kurasa mbili za daftari zenye majina, saini na alama za vidole gumba, na pale neno hili linafanya kazi ambayo hakuna jingine lingeifanya.

Nasaba

Ni neno la Kiarabu pia, lakini halina habari ya baraza. Linafuata mstari: fulani bin fulani bin fulani. Aya ya 54 ya Suratul Furqan inaitaja nasaba sambamba na uhusiano wa ndoa, kama vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo imebaki katika neno. Nasaba ni damu tu. Mkwe hayumo, ndugu wa kunyonya hayumo, na mtoto wa kulea, katika sheria ya Kiislamu, hahamishwi nasaba yake.

Kisarufi linataja uhusiano, halimtaji mtu, na kwa hiyo linabeba “kinship” ya damu vizuri lakini haliwezi kujibu swali la “nani?”. Sikioni lina kidokezo cha heshima ya kuzaliwa, kwani “mtu wa nasaba” ni mtu wa nyumba inayojulikana, na Tanzania lina pia harufu ya maabara, kwa sababu vinasaba ndilo neno la kile kinachopimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali mtoto anapogombewa. Nalipenda neno hili kwa ajili ya safari yake: kama ilivyo kwa “kin” na gene, nasaba nayo ilianza kwenye majina ya mababu ikaishia kwenye tone la damu.

Mawili ya pembeni

Akraba haliandikwi sana siku hizi nje ya pwani na vitabu vya dini, na ni hasara. Limetokana na mzizi ule ule wa karibu, na lina maana ya walio karibu nawe kwa uhusiano, kwa hiyo wazo la “next” limo ndani yake tayari. Familia inaeleweka kila mahali, lakini ni watu wa nyumba moja zaidi ya watu wa damu moja. Katika Kilatini chake cha mwanzo familia ilihesabu hata watumwa wa nyumba.

Uchague lipi, na wakati gani

Ukiandika tasnifu ya anthropolojia, “kinship” iite undugu, ueleze mara moja katika sura ya kwanza kwamba unamaanisha damu na ndoa, kisha uwe na msimamo huo hadi mwisho. Kundi la uzao mmoja liite ukoo, na mstari wa kushuka uuite nasaba. Maneno matatu kwa kazi tatu yatakuokoa na maelezo mengi. Mwanafunzi wa biolojia anayeandika juu ya wanyama kusaidiana kwa sababu ya damu yuko salama zaidi na nasaba, kwani kwa siafu na nyuki undugu huleta maadili ambayo hayamo.

Katika sheria, soma kwanza sheria inataka nini. Sheria ya Urithi ya Kenya, pale marehemu asipoacha mwenzi, watoto, wazazi, ndugu wa baba na mama mmoja, ndugu wa mzazi mmoja wala watoto wao, inawaendea watu wa damu hadi daraja la sita. Hapo “jamaa” haitoshi kabisa na “ndugu” pekee inaelea. Andika “ndugu wa nasaba” au “ndugu wa damu”. Hati ya kikao cha mirathi ni mali ya ukoo, hata kama karatasi ya Kiingereza imeandika “family meeting”.

Katika hadithi, mahubiri na barua, fuata joto la sentensi. Mama anayemwambia mwanawe aliye Muscat au Minneapolis asiwasahau “kin” wake anazungumza juu ya ndugu na jamaa, vyote viwili kwa pamoja, na Kiswahili kimeviunganisha zamani katika msemo huo huo. Utumie.

Na ile fomu? Nilirudi nikamwomba mwenye ofisi tuuvunje mstari ule mara mbili, akakubali. Wa kwanza sasa unasomeka “Mtu wa kupigiwa simu ukipatwa na dharura”, na hapo kijana yule angemwandika mwenzake wa chumbani bila kuulizwa na mtu. Wa pili unasomeka “Mwenzi wa ndoa au ndugu wa damu aliye karibu zaidi”, na mbele yake kuna nafasi ya kuandika uhusiano wenyewe: mke, mama, kaka, mtoto wa baba mdogo.